Jiwe la Kijani Kilangoni Wirpa

Habari za kifo cha Don Teodoro Vallarino zilifika mjini Pumarani saa tano asubuhi, tarehe 2 Novemba 1874, siku ya kula na wafu, wakati mji mzima ulikuwa makaburini. Hakimu Melchor Zegarra alikuwa ameketi kando ya kaburi la mkewe na sahani ya viazi mapajani, akimlalamikia marehemu kuhusu meno yake. Ndipo mwanamke mmoja mchunga kondoo alipoingia langoni akihema, akasema kwamba chini ya genge la Wirpa amelala mzee mwenye ndevu nyeupe, na tai wameanza kushuka.

Ndevu nyeupe za namna hiyo, mkoa mzima, zilikuwa za mtu mmoja tu.

"Amelala au amekufa?" hakimu aliuliza.

"Mimi sikumwamsha, bwana hakimu. Lakini shingo yake imeangalia upande ambao shingo haiangalii."

Mama Petronila mwoka mikate, aliyekuwa kwenye kaburi la jirani, aliangusha kikapu chake. "Jana alfajiri alikuwa kwangu!" alilia. "Alikuja kuchukua mtoto wa mkate, ule wa sikukuu tunaoufinyanga kama mtoto, wa binti yake wa ubatizo. Wiki nzima alinisumbua: Mama Petronila, nataka mkate wa msichana, mashavu mekundu, lakini mkononi ashike nyundo. Nikamwambia, Don Teodoro, tangu lini mtoto wa mkate akashika nyundo? Akasema, tangu Satuka aliposema atakuwa mvunja mawe kama mimi. Nikamfinyangia nyundo, huku namcheka! Mimi mjinga, namcheka!"

Hakimu alifunika viazi vya mkewe kwa kitambaa, akaliomba kaburi radhi, akaenda kutafuta nyumbu wa kupanda.

Sisi wa Pumarani tulimcheka Don Teodoro kwa miaka mingi, na sasa inauma kukumbuka. Alikuja kijana kutoka Genoa, serikali ikampa kazi ya kuchora nchi nzima: milima yake, mito yake, na mawe yaliyo chini ya udongo wake. Kazi hiyo aliifanya kwa miguu. Akifika kileleni alitoa sufuria ndogo, akawasha moto, akachemsha maji na kutia kipimajoto ndani, na kwa joto lile la maji yanayochemka akajua mlima una kimo gani. Wachunga nyumbu walimwita Mchemsha Maji Matupu, kwa kuwa katika miaka yote hiyo hakuwahi kutia humo kiazi hata kimoja. Ramani yake ilikuwa bado na mabaka meupe hapa na pale. "Pale peupe ndipo ninaposema kweli kuliko pote," alimwambia hakimu wakicheza dama siku za Alhamisi. "Maana yake sijafika."

Saa tisa alasiri hakimu alikuwa amesimama mahali Don Teodoro alipoanguka. Njia ya kwenda Wirpa huanzia kwenye zizi la mawe, hupinda pinda mlimani mpaka kilangoni, upenyo ulio kati ya vilele, kisha hushuka upande wa pili kuelekea kijiji cha Antaqaqa. Chini kidogo ya kilango, nje ya njia, kuna mwamba wa kijani uliojitokeza juu ya korongo kama kibaraza. Hakuna mwenye haja ya kwenda pale. Lakini juu ya mwamba huo hakimu alikuta kofia ya Don Teodoro, imewekewa jiwe juu ili upepo usiichukue, na kando yake mkoba, umefungwa vizuri. Ndani yake alikuta sufuria, kipimajoto kizima, na saa ya mfukoni ya fedha, bado inatembea. Mtoto wa mkate hakuwamo.

Chini, karibu na mkono wa maiti, palikuwa na mawe matatu meusi, mazito kuliko ukubwa wake, na pale yalipopasuka yaling'aa. Genge lile lina mawe ya kijivu na ya kijani, hayo tu. Hakimu aliyatazama yale meusi, akatazama kama wabeba maiti wanamwona, akayatia mfukoni. Kisha aliinama, akamfumba macho rafiki yake, akakaa pale chini muda ambao hakuna aliyethubutu kumwambia kwamba giza linaingia.

Jioni hiyo walimkamata Casimiro Huanca, mchunga nyumbu aliyekuwa amesafiri na Don Teodoro. Alikutwa kwa mama yake, na chini ya kitanda palikuwa na nyundo na kipimahewa cha marehemu. Na mji mzima ulikuwa umemsikia sokoni Ijumaa akipiga kelele: "Mawe haya yatakuua wewe kabla hayajaua nyumbu wangu!"

"Mambo yamekwisha," alisema Kapteni Ugarte wa askari wa mkoa, aliyekuwa mjini kwa ajili ya sikukuu. "Keshokutwa alfajiri naondoka naye. Gavana atampiga risasi, balozi wa Italia ataandikiwa barua, kila mtu atalala."

"Na kama si yeye?"

"Basi niletee aliye yeye, Don Melchor. Una kesho yote."

Casimiro alikuwa ameketi sakafuni mwa chumba cha mahabusu, mikono imefungwa. Hakimu alivuta kigoda.

"Kwa nini ulikimbia?"

"Ungekuwa mimi ungefanyaje? Mzungu amekufa, mlimani tulikuwa wawili, na mmoja wa hao wawili anavaa poncho ya watu wa milimani. Hesabu hiyo hata mtoto anaijua."

"Aliposhuka kwenye nyumbu alisemaje?"

"Zizini aliniambia, Casimiro, shika nyundo, shika kipimahewa, kaa na wanyama. Nina maneno na mtu huko juu. Nikamuuliza, mtu gani siku ya Watakatifu Wote, kila mtu si yuko kwao? Akacheka tu. Alikuwa na furaha, bwana hakimu. Alipanda akipiga mluzi. Miaka tisa nambebea mizigo, sijawahi kumsikia akipiga mluzi mlimani. Pumzi yenyewe aliitoa wapi?"

"Akaenda bila nyundo."

"Bila nyundo! Ni kama padri aende madhabahuni bila kanzu."

"Ulimfuata lini?"

"Jua lilipopita utosini. Nikafika penye mwamba ule, nikaiona kofia. Nikaita. Nikachungulia." Casimiro alijifuta pua kwa bega. "Nikateremka mbio."

"Hukupanda mpaka kilangoni?"

"Kufanya nini? Niliishia pale."

"Mkate uliufanyaje?"

"Mkate gani tena? Sasa nimeua mtu kwa ajili ya mkate?"

"Je, hakuteleza mwenyewe?"

"Yule? Tangu alipoanguka gengeni huko Sayhua hakanyagi ukingo bila kushika mshipi wa mtu. Mimi alinishika siku moja mpaka suruali ikashuka mbele ya watawa. Huyo aliyesimama naye pale, bwana hakimu, alikuwa mtu anayemwamini. Na lile neno la sokoni, nilikuwa nampigia kelele kila Ijumaa. Ndivyo tulivyokuwa tunaongea."

Saa moja asubuhi ya tarehe 3 hakimu alifungua nyumba ya Don Teodoro. Ramani kubwa ilikuwa imetandazwa mezani, wino umekauka. Upande wa Wirpa ulikuwa umejaa: kila kijito, kila kilele na kimo chake. Antaqaqa peke yake palikuwa peupe. Hakimu alivaa miwani, akavua, akavaa tena. Kwenda Antaqaqa ilikuwa safari ya kila mwezi ya Don Teodoro. Mkuu wa kijiji kile, Laureano Sullca, alikuwa kompadre wake, kwa kuwa Don Teodoro ndiye aliyemshika binti wa Laureano siku ya ubatizo. Njia za kijiji kile alizijua hata gizani.

Saa mbili alikuwa barazani kwa Don Fermin Oblitas, mwenye machimbo ya fedha ya Sayhua. Siku ya tarehe 31 Oktoba majirani wote walimsikia akimfokea Don Teodoro mlangoni.

"Usihangaike na mimi," alisema Don Fermin. "Siku ya Watakatifu nilibeba sanamu ya Mtakatifu Yakobo tangu asubuhi mpaka jioni. Mji wote ulinitazama. Bega hili hapa, gusa."

"Bega sina haja nalo. Mligombania nini?"

"Alinidanganya! Niliona mezani kwake mawe meusi, mazito, yanang'aa ndani. Fedha tupu, Don Melchor. Nikamuuliza yametoka wapi. Akasema amesahau. Yule! Anayekumbuka kila changarawe aliyoikanyaga tangu azaliwe! Nikamwambia ataje bei. Akasema, 'Nilikuchorea Sayhua, Don Fermin. Inatosha.' Akanifungia mlango usoni."

"Ukamwambia nani?"

"Kila mtu! Sokoni, kwa wauza pombe, kanisani. Nilisema Mwitalia amepata fedha upande wa Wirpa, na atanichorea, atake asitake. Kuna kosa?" Kisha akaona hakimu anavyomtazama. "Na usinifikirie ya genge. Mimi Wirpa nikipita sishuki hata kwenye farasi. Sijawahi kuweka jiwe pale. Nina watu wa kunibebea mawe."

Hilo lilikuwa kweli, na watu walimchukia kwa hilo pekee, achilia mbali mengine. Kwetu, mtu akianza kupanda huokota jiwe pale pale mpando wake unapoanzia. Akifika kilangoni huliweka kwenye rundo, na uchovu wake na maovu yake ya njiani hubaki pale. Hakuna mwingine apitaye bila kuweka. Na hakuna aondoaye la mwenzake, kwa sababu ukiliondoa umejitwika ya mwenzako.

Kuhusu Sayhua, hata Don Fermin hakupenda kuizungumzia mbele ya hakimu. Zamani kilikuwa kijiji cha watu na mashamba ya maharage. Don Teodoro alipita, akaona mwamba, akaweka alama ndogo kwenye ramani kama alivyoagizwa. Baada ya miaka miwili maji ya mto yalikuwa ya manjano, makaburi yamechimbwa, na wenyeji wamefukuzwa. Tangu hapo Don Teodoro alikuwa akizunguka siku nzima ili asipite Sayhua.

Saa nne hakimu alipanda mlima na Casimiro, mikono bado imefungwa, baada ya kumwekea Kapteni sahihi kwamba mfungwa akitoroka atapigwa risasi yeye badala yake. Askari wawili walifuatana nao mpaka zizini, wakasema baridi imezidi, wakabaki hapo wakitafuna majani yao ya koka.

Theluji ilikuwa imeanguka usiku wa kuamkia Watakatifu, na kilangoni jua halikuwa na nguvu ya kuiondoa. Rundo lote lilikuwa jeupe. Juu ya weupe huo, bila theluji juu yake, palikuwa na mawe mawili tu. Kwa siku tatu zile mtu hasafiri. Yuko kwao na wafu wake.

"Mawe gani haya, Casimiro?"

"Jekundu ni la Antaqaqa, udongo wa kwao ndio huo. Mtu amepanda kutoka kule. Na hili la kijani..." Casimiro alisogea, akarudi nyuma. "La kijani liko mahali pamoja tu."

"Na la kijivu, la upande wetu?"

"Hakuna."

"Basi wewe hukufika hapa, na Don Teodoro hakufika. Mtu mmoja alipanda kutoka Antaqaqa, akaweka jiwe lake, akashuka mpaka kwenye mwamba. Kisha akaanza kupanda tena kurudi kwao, na mpando huo ulianzia kwenye mwamba, mkono ukaokota kilichokuwepo."

"Baada ya kumuua mtu?"

"Ungekuwa wewe, baada ya kumuua mtu, ungepita hapa mikono mitupu?"

Casimiro aliweka jiwe lake la kijivu, hakimu naye akaweka lake. Wakateremka Antaqaqa.

Laureano Sullca aliwapokea uani, mtu mrefu mwenye nywele za kijivu, fimbo yake ya ukuu yenye pete za fedha mkononi. Alipoona kamba mikononi mwa Casimiro aligeuza uso.

"Karibu, bwana hakimu. Mungu amlaze pema kompadre wangu. Tangu jana sijala."

"Habari zimefika kumbe."

"Habari mbaya hukimbia."

Hakimu alikubali kiti, akakubali viazi na jibini, akatafuna polepole upande wa kushoto. Alikuwa akifikiria rundo jeupe lisilokuwa na jiwe la kijivu mpaka walipofika wao. Tangu theluji ianguke hakuna mtu wa Pumarani aliyevuka kuja kumwambia Laureano lolote.

"Mara ya mwisho kuvuka Wirpa ilikuwa lini, Mzee Laureano?"

"Sikukuu ya Mtakatifu Fransisko. Mwezi uliopita."

Msichana wa miaka saba alitoka ndani, amebeba kitu kifuani kwa blanketi kama anavyobebwa mtoto mchanga. Alimkaribia hakimu, kwa kuwa alimjua ni rafiki wa baba yake wa ubatizo, akafunua. Alikuwa mtoto wa mkate, mashavu mekundu, na mkononi mwake nyundo.

"Satuka, ingia ndani," alisema Laureano.

"Ngoja aone! Ona, ana nyundo. Mama Petronila hajui kuchonga pua, lakini nyundo ameiweza."

"Ameiweza," hakimu alisema. "Mbona hujala?"

"Namsubiri baba wa ubatizo. Yeye ndiye wa kuuvunja kwanza, ndiyo desturi. Baba amesema atachelewa."

"Nani alikuletea?"

"Baba. Siku ya Watakatifu, jioni. Alikuwa amelowa."

Uani kuku walikuwa wakiparua. Hakimu aliweka sahani chini. Alikuwa amekuja kutafuta muuaji, na alipompata alitamani angekuwa Don Fermin, au mtu yeyote chini ya jua asiyekuwa na mtoto huyu.

"Mzee Laureano," alisema, "nisindikize mpaka kilangoni."

Laureano hakuuliza kwa nini. Aliegemeza fimbo yake ya ukuu ukutani, akambusu binti yake utosini, akatangulia. Mwanzo wa mpando aliinama, akaokota jiwe jekundu. Hakimu naye akaokota lake, na Casimiro akaokota la kwake kwa mikono iliyofungwa.

Walipokwisha kuyaweka, hakimu alisema: "Casimiro, lile la kijani nalihitaji. Litoe."

"Mimi? Nipige risasi hapa hapa, bwana hakimu, lakini hilo siligusi."

"Risasi utapigwa kwa gavana. Na kwa kuwa wewe ndiye utakayekufa kwa ajili ya jambo hili, nitalitoa mimi, nitalifunga shingoni mwako, uende nalo." Akanyoosha mkono.

"Usiguse," alisema Laureano. "Ni langu."

Alilichukua mwenyewe, akaketi juu ya theluji, jiwe mapajani. Casimiro alianza kulia, na hakimu hakujua kama ni kwa kuponea au kwa ajili ya Laureano.

"Alinitumia salamu tukutane kilangoni," alisema Laureano. "Mimi nilikuwa nimetoka sokoni Pumarani siku hiyo hiyo. Nimemsikia Don Fermin akisema Mwitalia amepata fedha upande wetu. Sikulala. Sayhua mimi ndiye niliyempeleka, bwana hakimu. Nilimvusha mto kwa mgongo wangu. Dada yangu alikuwa ameolewa Sayhua. Alikunywa maji yale, akazika watoto wawili, kisha nikamzika yeye. Nikasema moyoni, Laureano, uliwabebea kifo mgongoni. Mara ya pili hapana."

"Hapa alikuambiaje?"

"Nilimkuta chini pale, nje ya njia. Anacheka. Akavua kofia, akafungua mkoba akanipa mkate wa Satuka, akasema, tunza huu. Kisha akatoa mawe mfukoni. Ya chemchemi yetu, niliyajua palepale. Akasema, 'Kompadre, nimekuja na mawe yenu. Nipe mshipi wako, twende ukingoni.' Anacheka, bwana hakimu! Mkono mmoja ameshika mshipi wangu, mwingine ameuinua na mawe yetu, ananionyesha. Nikamwona Don Fermin, nikamwona dada yangu. Nikabandua vidole vyake kwenye mshipi. Kimoja kimoja. Hata hakushindana nami. Alidhani namshika vizuri zaidi."

Hakimu alitoa yale mawe meusi mfukoni. Angeweza kunyamaza hapo. Tangu siku hiyo amejiuliza mara nyingi kwa nini hakunyamaza.

"Aliuinua mkono kuelekea wapi?"

"Mbele. Kwenye korongo."

"Wewe ulikuwa wapi?"

"Nyuma yake. Si alikuwa ameshika mshipi."

"Mzee Laureano, mtu akitaka kukuonyesha jiwe, huliinua kuelekea korongoni, na wewe uko nyuma yake?"

Laureano alimtazama hakimu, akatazama mawe, kisha akatazama kule chini kwenye mwamba.

"Alikuwa anayatupa," alisema taratibu.

"Don Fermin alimuuliza yametoka wapi, akasema amesahau. Mtu yule, asahau! Ndiyo sababu ya ule ugomvi. Na ramani nimeiona leo asubuhi. Imejaa yote. Antaqaqa ameacha peupe, kama mahali ambapo hajafika kamwe. Alikuja kukuambia hayo, mkayatupe pamoja."

Laureano hakupiga kelele. Alijikunja juu ya lile jiwe la kijani, paji la uso likagusa theluji, akatoa sauti ndogo ambayo Casimiro anasema angali anaisikia. Hakimu alisimama kando yake, mzee kwa mzee. Walikuwa wawili pale waliompenda Don Teodoro, na mmoja wao ndiye aliyemuua.

Baada ya muda mrefu Laureano aliinuka.

"Utaandika nini kwa gavana?"

"Kweli. Ndiyo kazi yangu."

"Ukiandika kweli, itabidi uandike kwa nini. Ukiandika kwa nini, Don Fermin atakuwa kwenye chemchemi yetu kabla ya Krismasi. Kompadre atakuwa amekufa bure." Alijipangusa uso kwa poncho. "Andika tulilewa. Makompadre wawili walikunywa, wakagombana, mmoja akamsukuma mwenzake."

"Wewe hunywi. Yeye hakuwa anakunywa. Watu wanajua."

"Watu huamini upesi kwamba mtu wa milimani alikuwa mlevi. Hasa gavana."

Hakimu aligeuka. "Casimiro, umesikia nini hapa?"

"Nilikuwa naangalia nyumbu," alisema Casimiro.

"Hatuna nyumbu hapa."

"Ndiyo maana nilikuwa naangalia sana."

Hakimu alimfungua kamba. Wakashuka watatu mpaka kwenye mwamba wa kijani, na hapo hakimu aliona kwamba na yeye hawezi kusogea ukingoni. Casimiro alisimama mbele ya Laureano asije akafanya jambo, akampa hakimu mshipi wake ashike. Hakimu akayatupa mawe matatu meusi, moja baada ya jingine, mpaka hawakusikia tena chochote.

Laureano alikwenda Pumarani na jiwe lake ndani ya poncho, na hakuna aliyeweza kumnyang'anya. Walimpiga risasi tarehe 12 Desemba. Gavana alisifu taarifa ya hakimu kwa ufupi wake. Don Fermin alilalamika kwamba ulevi wa wenyeji umemkosesha mgodi, akatuma watu kupekua nyumba ya marehemu. Wakakuta ramani, na kwenye ramani, baka jeupe. Mpaka leo wanaokwenda Antaqaqa hunywa maji ya chemchemi ile bila kujua ni kwa gharama ya nani yamebaki safi.

Hakimu alipanda tena Januari, akiwa na nyundo ya Don Teodoro, ambayo hapakuwa na ndugu wa kuirithi. Satuka alimpokea uani. Mtoto wa mkate alikuwa bado mzima, amekauka, rangi ya mashavu imepauka.

"Hakuna wa kuuvunja," alisema.

"Nitauvunja mimi, ukinikubali."

Mkate ulikataa kuvunjika kwa mikono. Hakimu aliutandikia blanketi juu ya jiwe la kusagia, akampa msichana ile nyundo, wakaishika pamoja, wakapiga.

"Mama anasema baba alikuwa hanywi," alisema Satuka, akikusanya vipande. "Watoto wa shule wanasema alikuwa mlevi. Nani anasema kweli?"

Hakimu Melchor Zegarra alikuwa ametoa hukumu kwa miaka thelathini, na hakuna aliyoiona nzito kama hiyo. Kule nyuma ya nyumba chemchemi ilikuwa ikitiririka.

"Alikunywa siku moja," alisema. "Siku moja tu."

Satuka aliitafakari, akakubali. Akachagua vipande viwili vikubwa kuliko vyote, chenye nyundo na chenye uso, akaviweka kando ukutani, mahali fimbo ya baba yake ilipokuwa ikiegemezwa. Cha nyundo, alisema, ni cha baba wa ubatizo, na hicho kingine ni cha baba. Vilivyobaki akagawa nusu kwa nusu na hakimu, wakavichovya kwenye maji ya chemchemi, wakala.